Nilivyoukodisha mguu wangu Kitisuru

Mpenzi msomaji, kisa ninachokusimulia Jumapili ya leo hakinipambi hata kidogo. Mhariri wangu aliniuliza mara mbili iwapo nina hakika ninataka kichapishwe chini ya jina langu. Nilimjibu kwamba jina langu ndilo lililoleta balaa yenyewe, kwa hivyo acha mara hii litumike kwa haki.

Kilianzia kwenye lango moja jeusi mtaani Kitisuru, mwaka 2022. Wewe unayeishi Nairobi unaijua Kitisuru hata kama hujawahi kulala huko. Ni mtaa wa wenye nafasi, upande wa magharibi mwa jiji. Nyumba zimejificha nyuma ya miti na nyua za umeme, na mchana husikii ila mbwa na mashine za kukatia nyasi. Niliteremka kwenye matatu katika barabara ya Lower Kabete, nikatembea kilomita moja na ushei. Sehemu niliyopitia haikuwa na njia ya wapitao kwa miguu, maana aghalabu wanaotembea huko ni wapishi na yaya, na ni nani atakayewakumbuka hao? Kila gari lilipopita nilijibanza uani, gongo langu mkononi, nikingoja vumbi litue.

Naam, gongo. Hapana budi nikueleze. Nilipokuwa na umri wa miaka minne niliugua malaria, nikapelekwa katika zahanati ambayo sitaitaja, nikadungwa sindano ya kwinini kwenye tako. Sindano hiyo iliujeruhi mshipa wa fahamu. Mguu wangu wa kulia ukalegea kuanzia gotini kwenda chini, na tangu siku hiyo unyayo wake hukwaruza ardhi ninapotembea. Tuko wengi tulioumia namna hii. Muulize muuguzi yeyote wa makamo atakwambia. Nyanya yangu hakuamini habari ya sindano. Alishikilia kwamba nimerogwa na jirani, akamnunia jirani huyo hadi siku alipoingia kaburini.

Basi nikabisha lango. Bawabu alichungulia kwenye kidirisha, akalitazama gongo, akakitazama kiatu kilicholika upande mmoja, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, leo hakuna kitu. Mama hutoa siku ya Ijumaa."

Nilimwambia kwamba nimealikwa na mwenye nyumba. Hakuniamini, lakini alipiga simu. Nikaisikia sauti yake ikibadilika, "Ndiyo mzee, ndiyo mzee," na mara lango likafunguliwa lote, mabawa yote mawili, utadhani nimefika na gari. Bawabu hakunitazama tena usoni.

Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara niliyewahi kumhoji kwa ajili ya makala. Tuliketi kwenye veranda tukanywa chai. Aliuliza habari za nyumbani, akalalamikia uchumi, kisha akaweka kikombe chini.

"Bwana mwandishi, wewe unayo ile kadi ya Baraza, sivyo?"

Nilikuwa nayo. Ni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, chombo kilichotokana na sheria ya mwaka 2003, ambayo sasa nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Ili uipate unakaguliwa na madaktari katika hospitali ya serikali, fomu zinajazwa, unaandikishwa. Kadi hiyo si mapambo. Kwa sheria ya wakati huo, aliyekuwa akilipwa mshahara aliweza kuomba asamehewe kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Tena, kadi hiyo hufungua mlango wa zabuni za serikali. Tangu mwaka 2013, asilimia 30 ya zabuni hizo zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, katika mpango unaojulikana kwa kifupi kama AGPO.

Mzee yule alikuwa na mtaji, maghala na malori. Alichokosa ni ulemavu.

Walioitunga sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 hawakuwa wajinga. Waliandika kwamba kampuni inayotaka fungu hilo sharti iwe mikononi mwa kundi linalohusika kwa asilimia 70 au zaidi. Waliandika pia kwamba malipo yaingie katika akaunti ambayo haiwezi kutoa pesa bila ya saini ya mtu wa kundi hilo. Waliona mbali, nami nawavulia kofia. Lakini hawakukiona kitabu cha hundi kilichotiwa saini kurasa zote, kimoja baada ya kingine, kwenye meza ya veranda huku chai ikipoa.

Nilitia saini mimi. Kwa karatasi nilikuwa mmiliki wa asilimia 70 ya kampuni ambayo mpaka leo sijaiona afisi yake. Kila zabuni ilipopatikana nililipwa shilingi 15,000 kwa simu. Zilipatikana zabuni tatu.

Utaniuliza, msomaji, dhamiri yangu ilikuwa wapi? Ilikuwepo, na ilikuwa na majibu tayari. Mwezi huo mshahara ulikuwa umechelewa. Isitoshe, nilijiambia, sisi tumenyimwa mangapi? Ni mara ngapi makanga amewahimiza dereva aondoe gari kwa sababu mimi huchukua muda kupanda? Ni kazi ngapi nilizoambiwa kwamba zinahitaji mtu wa kukimbia huku na huku? Leo ulemavu ukileta shilingi mbili tatu, acha zije. Hoja hii nimeisikia kwa wenzangu wengi, na sitaki kuidharau, kwa maana benki haimkopeshi mtu gongo lake. Mwenye kadi bila mtaji hutazama zabuni kama mtoto anavyotazama maandazi kwenye kioo cha duka. Mwenye mtaji akija na kalamu, wengi hutia saini.

Lakini kuna jambo jingine, na hili lilinichukua muda mrefu zaidi kuliona. Mbona mzee yule alinichagua mimi? Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Wakenya zaidi ya 900,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, yaani asilimia 2.2. Alikuwa na uwanja mpana wa kuchagua. Alinichagua kwa sababu ulemavu wangu ni wa bei nafuu. Napanda ngazi, polepole lakini napanda. Sihitaji mkalimani wa lugha ya ishara, wala karatasi zilizochapishwa kwa maandishi ya nukta nundu, wala mlango mpana. Nina stashahada, najua kuzungumza na mabwana wakubwa, sitoi udenda wala sipigi kelele. Mimi ni mlemavu asiyesumbua mtu.

Na si yeye peke yake aliyeligundua hilo. Katika miaka ile nilikuwa naitwa kwenye kamati na warsha kila mara. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataka hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wanachama wa mabaraza ya kuchaguliwa na ya kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Hata mashirika ya kibinafsi yameona haya yakajaribu kuiga. Nafika, napanda ngazi, naandikwa kwenye orodha, picha inapigwa, gongo likionekana vizuri. Siku moja mkutano ulikuwa ghorofa ya pili katika jumba lisilo na lifti. Kijana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alifika mapema kuliko mimi, akabaki chini kwa saa mbili karibu na meza ya askari, mkoba wake magotini. Nilipomtajia mwandalizi, alinishika bega. "Usijali, si tuko na wewe hapa juu? Utawawakilisha."

Nami nikawawakilisha. Nilizungumza dakika kumi nzima juu ya haki ya kufika mahali popote. Nilipigiwa makofi. Niliposhuka, kijana alikuwa amekwisha kwenda zake.

Niruhusu nichepuke kidogo. Lugha yetu ya Kiswahili iliwaweka kiwete, kipofu na kiziwi katika ngeli moja na kiti na kikombe, na kuna wanaosema kwamba hapo ndipo dharau ilipoanzia. Sina hakika sana, maana kiongozi naye yumo humo humo na hajawahi kulalamika. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, na ni vyema, kwani hicho kifungu cha 54 chasema pia kwamba tuitwe na kutajwa kwa namna isiyotudhalilisha. Walakini yule mzee wa Kitisuru hakunitusi hata mara moja. Aliniita bwana mwandishi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa adabu zote, na kalamu aliyonipa ilikuwa ya thamani. Yule bawabu aliyenidhania kuwa ombaomba alinikosea kwa neno moja tu, tena kwa nia njema.

Sasa nije kwa dada wa Kangemi.

Kangemi na Kitisuru ziko katika eneobunge moja, Westlands, lakini ukitoka moja kwenda nyingine utadhani umevuka mpaka wa nchi. Kangemi ni mabati, vibanda, kelele za soko na harufu ya samaki wa kukaangwa. Dada huyu ni fundi wa nguo. Ni kiziwi tangu utotoni. Ana vyerehani vitatu na ameajiri wasichana wawili, mmoja kiziwi kama yeye na mwingine mwenye kusikia, ambaye hupokea simu. Nilikutana naye kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu hizo hizo zabuni za serikali. Mimi nilikuwa nimealikwa kuzungumzia, ajabu ya Mungu, uaminifu katika biashara.

Wakati wa chakula cha mchana aliketi mkabala nami, mkalimani akiwa kati yetu. Alinisimulia habari za chuo kikuu cha viziwi kiitwacho Gallaudet, mjini Washington, Marekani. Chuo hicho kimekuwepo tangu mwaka 1864, lakini kwa zaidi ya miaka mia moja kila rais wake alikuwa mtu mwenye kusikia. Mnamo Machi 1988 bodi ilimchagua tena mtu mwenye kusikia, ilhali walikuwepo viziwi wawili waliofuzu. Wanafunzi walifunga malango. Kwa muda wa wiki moja walikataa masomo, wakaandamana hadi kwenye bunge la nchi, na yule rais mpya akajiuzulu. Mahali pake akateuliwa I. King Jordan, kiziwi wa kwanza kukiongoza chuo hicho. Dada huyu aliisimulia habari hiyo kwa mikono miwili hata wali wake ukapoa. Nilimuuliza kama angependa kuwa rais wa chuo. Alicheka bila sauti, akaniambia kupitia kwa mkalimani, "Kaka, mimi nataka tenda ya aproni."

Alikuwa hafanyi mzaha. Taasisi moja ya umma ilikuwa imetangaza zabuni ya aproni na sare za wafanyakazi wa jikoni, nayo ilikuwa katika fungu la watu wenye ulemavu. Alikuwa na vyeti vyote. Alikwisha kushona sampuli mbili kwa pesa zake mwenyewe, akaenda kuulizia bei ya kitambaa kwa jumla na kupiga hesabu kwenye daftari la shule la kurasa 48. Alinionyesha. Faida aliyoiweka ilikuwa ndogo, na nilipomwambia aongeze alitikisa kichwa: alitaka kwanza wamjue.

Majuma kadhaa baadaye alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa ya tangazo lililobandikwa ubaoni katika taasisi hiyo, likionyesha matokeo. Chini yake aliandika, "Kaka mwandishi, hawa walioshinda ni walemavu gani? Mimi nawajua karibu wote wa upande huu. Hawa siwajui. Nitafutie."

Sikuhitaji kutafuta. Jina la kampuni lilikuwa lile la kwenye kitabu cha hundi.

Siku iyo hiyo jioni simu ililia. Nilikuwa nimetumiwa shilingi 15,000, zile za tatu.

Ningependa kukwambia kwamba niliondoka mbio nikaenda Kangemi kuungama. La hasha. Nilikaa siku nne bila kumjibu. Niliandika jibu nikalifuta. Nilifikiria kumwambia kwamba bado natafuta, na Mungu anisamehe, niliandika hivyo na kulituma siku ya tano. Alijibu kwa neno moja, "Asante." Nadhani ni neno hilo lililonimaliza.

Nikarudi Kitisuru. Bawabu alinifungulia upesi safari hii. Mzee alinikaribisha kwenye veranda ile ile, nikakataa chai, nikamkabidhi barua ya kujiuzulu ukurugenzi na kuzirudisha hisa, nikamwomba kitabu cha hundi. Aliisoma barua pole pole, akaikunja. Hakukasirika.

"Bwana mwandishi," alisema, "unadhani miguu kama huo ni adimu Nairobi?"

Kisha akaniambia jambo ambalo hata leo sijui kama lilikuwa utetezi au kejeli. Alisema kwamba wao hapo hawana ubaguzi, kwani mbunge wao mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Ni kweli. Timothy Wanyonyi, aliyepigwa risasi na majambazi mwaka 1998, alichaguliwa kuwa mbunge wa Westlands mwaka 2013, akarudishwa mwaka 2017 na tena mwaka 2022. Lakini katika chaguzi hizo alizunguka na kiti chake akiomba kura, Kitisuru na Kangemi pia, na waliompa walimpa yeye. Hakuna mtu aliyeketi nyuma yake na kalamu akisema, wewe tia saini, mengine niachie. Nilimwambia mzee hivyo. Alitabasamu, akamwita mtu anisindikize hadi langoni. Kitabu cha hundi nilipewa, kikiwa kimebaki na kurasa sita, zote na saini yangu. Nilizichana mle mle njiani, na upepo wa gari lililopita ukazitawanya uani kwa watu.

Niliandika pia barua kwa afisi inayohusika, nikieleza yote pamoja na sehemu yangu. Nilijibiwa kwamba barua imepokelewa.

Kisha Kangemi. Nilifika saa kumi alasiri, cherehani zikiwa zinalia zote tatu. Yule msichana mwenye kusikia alijitolea kututafsiria lakini nikakataa, sikutaka maneno yale yapite kinywani mwa mtu mwingine. Niliomba daftari nikaandika kila kitu: jina la kampuni, asilimia 70, mara tatu, shilingi 45,000, siku nne na ile ya tano. Ukurasa ulijaa. Dada aliusoma kisha akaurudia kuusoma, kidole kikifuata mistari. Alisimama, akaenda kwenye rafu, akachukua zile sampuli mbili za aproni, akaziweka mbele yangu. Nilizikagua. Pindo lilikuwa limeshonwa mara mbili na mifuko imetiwa nguvu pembeni. Aliniangalia nikizikagua kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyechelewa.

Aliandika, "Zao ziko namna gani?"

Niliandika kwamba sijaziona. Mkurugenzi mwenye asilimia 70, na sijawahi kuziona.

Hapo ndipo alipokasirika. Alipiga meza kwa kiganja hata wasichana wakaacha kazi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira za zabuni aliyopoteza, lakini alichoandika, kwa herufi kubwa, ni hiki: "Ningekuwa na akaunti yenye saini yangu ningelala nayo kitandani. Wewe ulipewa ukaacha mezani kwa mtu."

Sikuwa na la kusema. Nilitoa bahasha yenye shilingi 12,000, ndizo nilizokuwa nazo, nikamwambia zilizosalia nitazileta. Alinitazama kwa muda. Aliandika kwamba pesa hizo si zake, kwa sababu huenda hata bila ya mimi asingeshinda, na yeye hali pesa ya kubahatisha. Lakini yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha mafundi wenye ulemavu, watu kumi na mmoja, na kikundi kinataka kununua mashine ya kutobolea vifungo. Akazihesabu noti mara mbili mbele yangu. Akafungua droo akatoa kitabu cha risiti, akatia kaboni katikati ya karatasi, akaandika tarehe, jina langu kamili, kiasi kilichopokelewa na salio la shilingi 33,000. Akatia saini. Kisha akanigeuzia kitabu na kunionyesha mahali pa mimi kutia yangu.

Nimekwenda Kangemi mara saba tangu siku hiyo. Mashine ya vifungo ilikwisha kununuliwa, na mwaka jana alipata zabuni ndogo ya mapazia ya zahanati moja, akaishona usiku na mchana. Hatujawa marafiki, ukitaka kujua. Ananipokea, anahesabu, anaandika. Risiti zote ninazo katika bahasha moja pamoja na kadi yangu ya Baraza. Ya mwisho yaonyesha salio la shilingi 4,000.